Kirusi kipya cha mapafu: namna ya kukipima, kuanzia kitandani hadi kwenye friza

Mei 4, 2015 mwanamume mmoja alitua Korea Kusini akitokea nchi za Ghuba, akiwa mzima. Wiki moja baadaye alishikwa na homa. Akaenda kituo kimoja cha afya, kisha kingine, kisha kingine tena. Jibu la maabara lililotaja MERS, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kirusi cha ukoo wa korona, lilitoka Mei 20, na kufikia hapo kirusi kilikuwa kimeshapita wodini na kwenye vyumba vya dharura. Mlipuko ulipokwisha, watu 186 walikuwa wamethibitishwa kuugua na 38 kati yao wamefariki.

Korea Kusini haikukosa mashine wala wataalamu. Kilichochelewa ni sampuli. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kando ya kitanda: makosa mengi tunayohangaika nayo maabara yametendeka kabla kasha halijafika mlangoni kwetu, na hakuna mashine inayoweza kuona kirusi ambacho kijiti cha kuchotea sampuli hakikukigusa. Nimewaandikia madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara wa hospitali za mikoa na kaunti. Ndugu anayesubiri majibu ya mgonjwa wake naye anaweza kufuatana nasi. Ataelewa kwa nini jibu huchukua muda, na kwa nini wakati mwingine tunaomba sampuli ya pili.

Tutatembea na mgonjwa mmoja wa mfano. Ni mzee wa miaka 61, amelazwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa huko Tanga. Amerudi kutoka Umra siku tisa zilizopita. Ana homa siku ya nne sasa, anakohoa, oksijeni mwilini inashuka, na eksirei ya kifua inaonyesha nimonia pande zote mbili.

Hatua ya kwanza: uliza, tena uliza kwa majina

"Shikamoo baba. Pole kwa safari, na pole kwa kuugua."

Baada ya salamu, tafuta mambo haya: homa ilianza siku gani hasa, katika siku 14 kabla ya kuugua alikuwa wapi na alipitia wapi, nani aliyekuwa karibu naye naye anaumwa, kazi yake ni ipi, na amekutana na wanyama gani. Hapo kwenye wanyama watu wengi hukosea kuuliza. Ukisema, "Uligusa wanyama?" mzee atajibu hapana, kwa sababu haoni kama kutembelea zizi ni kugusa. Uliza kwa jina: mlipelekwa kuona ngamia? Ulionja maziwa ya ngamia yasiyochemshwa? Huku nyumbani kuna kuku au bata waliokufa ghafla?

Kila swali lina sababu. Kirusi cha MERS kilitambuliwa Saudi Arabia mwaka 2012, hutoka kwa ngamia, na hujificha mwilini siku 2 hadi 14 kabla ya dalili. Mafua ya ndege ya H5N1 yaligunduliwa kwa binadamu Hong Kong mwaka 1997, ambako watu 18 waliugua na 6 wakafa, wengi wakiwa na uhusiano na masoko ya kuku hai. Na kama wahudumu wa afya wawili wamepata nimonia siku chache baada ya kumhudumia mgonjwa yuleyule, hiyo ni alama nzito kuliko eksirei yoyote.

Majibu haya ndiyo yanayoamua maabara iulizwe nini. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi, hujibu swali uliloliuliza, basi. Ukiandika kwenye fomu "mafua na UVIKO-19", mashine itakaa kimya kuhusu MERS hata kama kichupa kimejaa MERS.

Wakati huohuo, usiache kupima yale ya kawaida. Mwishoni mwa mwaka 2024, katika eneo la afya la Panzi, jimbo la Kwango huko Kongo, ulizuka ugonjwa wa homa, kikohozi, mafua na maumivu ya mwili. Kati ya Oktoba 24 na Desemba 5 wagonjwa 406 waliandikishwa na 31 walifariki, wengi wao watoto. Dunia nzima ikauita ugonjwa wa ajabu. Panzi haikuwa na maabara ya kufanya kazi hiyo, barabara zilikuwa mbaya kwa mvua, na sampuli zilipofika mwisho wa safari, 10 kati ya 12 za mwanzo zilionyesha malaria. Picha iliyotokea baadaye ilikuwa ya malaria, maambukizi ya kawaida ya njia ya hewa na utapiamlo vikiwashambulia watoto walewale. Nasisitiza jambo hili kwa uchungu, kwa sababu malaria ina dawa na mtoto hangojei maabara ya mji mkuu. Kwa hiyo mzee wetu apimwe malaria leo, kifua kikuu kama dalili zinaruhusu, na damu ya kuotesha bakteria ichukuliwe kabla ya antibiotiki ikiwezekana. Matibabu yaanze. Kuhisi kirusi kipya hakuzuii kutibu kilicho wazi.

Hatua ya pili: mtenge, kisha piga simu

Mvalishe mgonjwa barakoa, mpe chumba chake, fungua madirisha. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa mganga mkuu wa wilaya au afisa ufuatiliaji wa magonjwa. Usisubiri jibu la maabara ndipo utoe taarifa. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa, nchi inapotathmini kuwa tukio linastahili kuripotiwa ina saa 24 kuliarifu Shirika la Afya Duniani, na aina mpya ya mafua kwa binadamu ni miongoni mwa magonjwa yanayoripotiwa hata akiwa mgonjwa mmoja tu. Saa hizo haziwezi kutosha kama taarifa imekaa mfukoni mwa mtu wilayani.

Simu ya pili ni ya maabara itakayopokea. Waulize: mnapima nini kwa sasa? Mnataka sampuli ipi? Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vipo? Kwa Tanzania sampuli ya namna hii huelekea Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, Dar es Salaam. Kenya wana taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na maabara ya taifa ya mafua, Uganda wana taasisi ya utafiti wa virusi, UVRI, pale Entebbe, Kongo wana taasisi ya taifa ya utafiti, INRB ya Kinshasa, na tawi la Goma. Mwanzoni mwa Februari 2020 ni maabara mbili tu barani Afrika zilizotajwa kuweza kupima kirusi cha korona kilichokuwa kipya, ya Dakar na ya Afrika Kusini. Hali imebadilika sana tangu hapo, na mashine zipo karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani. Hata hivyo, kuwa na mashine hakuna maana kwamba vitendanishi vya kirusi unachokihisi vipo rafuni leo. Uliza.

Hatua ya tatu: chagua mahali pa kuchota

Hapa ndipo jibu la uongo la "hana" linapozaliwa. Virusi hivi haviishi mahali pamoja kwa kiasi kilekile. UVIKO-19 siku za mwanzo hujaa puani na kooni, ndiyo maana kijiti cha pua kilitosha kwa mamilioni ya watu. MERS hupenda chini, ndani ya mapafu. Kijiti cha puani kinaweza kurudi kitupu wakati mgonjwa anazama kwa nimonia. Hata kirusi cha korona cha Wuhan kilisomwa vinasaba vyake kutoka kwenye maji yaliyosafishia mapafu ya wagonjwa waliolazwa Desemba 2019.

Kwa mzee wetu, kwa hiyo, tunachukua vyote viwili: kijiti cha pua na cha koo, pamoja na makohozi. Akiwa kwenye mashine ya kupumulia, tunafyonza ute kutoka kwenye mrija wa hewa, mililita 2 hadi 3. Usimchochee kukohoa kwa mvuke wa maji ya chumvi. Unaijaza hewa ya chumba virusi. Kama makohozi hayatoki, yasitoke.

Chukua mapema, ndani ya siku chache za mwanzo wa dalili. Lakini mgonjwa aliyechelewa naye apimwe, hasa kwa sampuli ya mapafuni, ambako kirusi hukawia.

Hatua ya nne: kuchukua sampuli yenyewe

Vaa gauni, glavu, kinga ya macho, na barakoa ya kuchuja kama N95 iliyokaa sawasawa usoni. Andaa kila kitu kabla ya kuingia chumbani, lebo zikiwa zimeshaandikwa.

Kijiti kiwe na ncha ya nyuzi za kutengenezwa, kama nailoni au poliesta, na mpini wa plastiki. Kijiti cha mti chenye pamba ya kawaida kinaweza kuwa na vitu vinavyozuia PCR kufanya kazi, na mashine itakosa kirusi ambacho kipo. Niliwahi kufungua kasha lililosafiri siku mbili nikakuta vijiti vya mti, vikavu, vimefungwa kwenye glavu. Muuguzi aliyevituma alikuwa amejitahidi kwa alichokuwa nacho. Kosa lilikuwa la mfumo uliomwacha bila vifaa, na mgonjwa akarudiwa upya.

Mweleze mgonjwa kabla hujamgusa: "Baba, nitaingiza kijiti hiki laini puani. Kitafika mbali kuliko unavyodhani, kitawasha, macho yatatoa machozi. Ni sekunde chache. Ukitaka nisimame, inua mkono." Mgonjwa aliyeelezwa hatikisi kichwa. Kama ni Ramadhani na amefunga, atakuuliza kuhusu saumu yake; wanazuoni wengi walifafanua wakati wa UVIKO-19 kwamba kijiti cha pua hakiibatilishi. Mjibu kwa heshima, usilipuuze swali lake.

Mwambie apenge kamasi. Mwinulie kichwa kidogo nyuma. Ingiza kijiti kikiwa kimelala sambamba na kaakaa, kikielekea usawa wa sikio. Wengi hukielekeza juu, kana kwamba wanatafuta macho, na hapo hugonga mifupa, hutoa damu na hawafiki panapotakiwa. Endelea taratibu hadi uhisi kinagota, na usivuke umbali ulio kati ya tundu la pua na sikio. Kikikwama mapema, jaribu tundu la pili, usilazimishe. Kiache sekunde kadhaa kinyonye, kizungushe, kisha kitoe polepole.

Kijiti cha koo ni cha pili: sugua ukuta wa nyuma wa koo na tezi za pande zote mbili, ukikwepa ulimi na meno. Viweke vyote viwili kwenye kichupa kimoja chenye mililita 2 hadi 3 za kimiminika cha kuhifadhia virusi, vunja mipini kwenye alama, kaza kifuniko. Kuviunganisha huongeza nafasi ya kukipata kirusi na huokoa vitendanishi.

Kwa makohozi, mwambie asukutue kinywa kwa maji, avute pumzi ndefu, akohoe kutoka ndani kabisa. Mate hayafai. Wewe kaa mbali, na kama mgonjwa anaweza kutoka nje penye hewa, ni bora zaidi.

Mwisho chukua damu, mililita 3 hadi 5, kwa ajili ya kingamwili. Tutaona matumizi yake.

Hatua ya tano: lebo

Jina kamili, umri, namba ya hospitali, aina ya sampuli, tarehe na saa. Lebo ikae kwenye mwili wa kichupa, kamwe isikae kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hutenganishwa na vichupa. Tumia wino usiofutwa na maji. Maelezo ya kwenye kichupa yafanane herufi kwa herufi na ya kwenye fomu: "Salim Omari" wa kichupani na "Omari Salimu" wa fomu ni watu wawili mbele ya maabara, na pengine kweli ni wawili. Kwenye fomu usisahau tarehe ya kuanza kuugua na historia ya safari. Bila tarehe hiyo, jibu lolote litakalotoka halisomeki vizuri.

Hatua ya sita: kufunga na kusafirisha

Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Baridi ya nyuzi 2 hadi 8 inatosha kwa safari hiyo, mradi sampuli ifike ndani ya saa 72. Ikibidi kukaa zaidi, igandishwe nyuzi 70 chini ya sifuri. Friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri haifai kwa virusi hivi, na kugandisha, kuyeyusha, kisha kugandisha tena huharibu zaidi. Kama huna friza ya baridi kali, iache kwenye jokofu na uharakishe gari.

Ufungaji ni wa tabaka tatu. Kichupa kilichokazwa huzungushiwa karatasi au pamba ya kutosha kunyonya kila tone likimwagika. Huingia kwenye chombo cha pili kisichovuja. Hivyo viwili huingia kwenye kasha gumu la nje, vibarafu vikiwa kati ya chombo cha pili na kasha. Fomu huwekwa kwenye mfuko wa plastiki, nje ya chombo cha pili; karatasi iliyokaa pamoja na kichupa kilichovuja haisomeki na haishikiki. Juu ya kasha bandika alama ya almasi yenye UN3373, pamoja na jina na simu ya anayetuma na anayepokea. Sampuli za wagonjwa husafiri kwa daraja hilo, ingawa virusi vilivyooteshwa maabara vinaweza kuhitaji daraja la juu zaidi.

Dereva wa basi asikabidhiwe kasha bila maelezo. Aambiwe lisifunguliwe, lisikae juani, na ampigie nani likipata ajali. Na usitume Ijumaa jioni kabla hujahakikisha kuna mtu wa kulipokea Jumamosi.

Hatua ya saba: ndani ya maabara

Sampuli ya mgonjwa hufunguliwa ndani ya kabati la usalama wa kibayolojia, katika maabara ya daraja la pili la usalama, na mtu aliyefunzwa. Kuotesha kirusi hai ni kazi ya daraja la tatu, na hospitali ya mkoa haina sababu ya kujaribu. Baada ya SARS ya mwaka 2003 kumalizwa mitaani, watu waliambukizwa ndani ya maabara huko Singapore, Taiwan na Beijing.

Ukichanganya Jik, dawa ya klorini, ya asilimia 3.5 ili upate ya asilimia 0.5 ya kuulia virusi kwenye meza na vifaa, tumia kipimo kimoja cha Jik kwa sita vya maji. Lakini hapa naomba usome mara mbili: vimiminika vingi vya kuvunjia kirusi, vilivyomo kwenye vifaa vya kuchuja vinasaba na kwenye baadhi ya vichupa vya kuhifadhia, vina guanidini. Jik ikikutana na guanidini hutoa gesi ya sumu. Taka hizo zisimwagiwe Jik kamwe. Soma maandishi ya kila pakiti ya vitendanishi, na waeleze wanaofanya usafi kwa lugha wanayoielewa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Vinasaba vya kirusi, ambavyo ni RNA, huchujwa kutoka kwenye sampuli. Hugeuzwa kuwa DNA. Kisha praima, vipande vifupi vilivyoundwa kushika sehemu moja mahususi ya kirusi, huiwezesha mashine kuinakili sehemu hiyo maradufu kila mzunguko, kwa mizunguko 40 au 45. Mwanga ukivuka kiwango kilichowekwa, mashine huandika mzunguko uliofikiwa. Hiyo ndiyo namba ya Ct. Kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo virusi vilivyokuwa vingi: sampuli ya Ct 20 ina takriban mara elfu ya ile ya Ct 30, kwa kipimo kilekile. Usilinganishe Ct za mashine mbili tofauti kana kwamba ni vipimo vya sukari.

Kila awamu iende na vidhibiti, yaani sampuli za kukagua kipimo chenyewe: kimoja cha maji matupu, kimoja kilichopitia uchujaji kikiwa hakina kirusi, kimoja chenye vinasaba vya kirusi, na jeni ya binadamu ndani ya kila sampuli. Maji matupu yakionyesha kirusi, maabara imechafuka, na majibu yote ya awamu hiyo yanatupwa, hata kama waziri anasubiri. Jeni ya binadamu ikikosekana wakati kirusi nacho hakionekani, hilo halihesabiwi "hana". Kijiti hakikugusa mtu vizuri, na sampuli irudiwe.

Watanzania wanakumbuka Mei 2020, Rais John Magufuli, sasa hayati, aliposema hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu zilirudi na majibu ya kuwa na maambukizi. Ubishi wa kisiasa siuingii. Ila swali lake la kitaalamu ni halali kwa kila maabara duniani: ungejuaje? Unajua kwa vidhibiti hivyo. Papai halina jeni ya binadamu. Ukiona kirusi kinawaka na jeni hiyo imekaa kimya, simama, uliza sampuli imetoka wapi, kagua maji matupu, rudia kuanzia uchujaji. Tenga pia vyumba: kuandaa vitendanishi kwake, kuchuja kwake, kunakili kwake, na mtu asirudi nyuma na koti lilelile. Nakala zilizozalishwa jana ndizo adui mkubwa wa kipimo cha leo. Hata Marekani, Februari 2020, vipimo vya kwanza vya korona vilivyosambazwa na taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, viliwashinda watumiaji na kuwachelewesha wiki kadhaa.

Wenye mashine za GeneXpert, zile za kifua kikuu, wana bahati: katriji hufanya yote ndani yake, na jibu la korona hupatikana kwa takriban dakika 45. Lakini katriji ni ya kirusi ilichoundiwa, hakuna kingine.

Hatua ya nane: kusoma jibu

Kwa MERS, jeni moja haitoshi. Maabara huanza na sehemu iitwayo upE, kisha huthibitisha kwa ORF1a au nyingine. Zikikubaliana mbili, imethibitika. Ikionekana moja tu, vinasaba visomwe au sampuli mpya ichukuliwe, na mgonjwa abaki ametengwa. Faida ya kutazama sehemu zaidi ya moja ilionekana Novemba 2021 kusini mwa Afrika: vipimo vilipata sehemu nyingine za kirusi cha korona lakini jeni ya S ikawa haionekani. Wataalamu hawakuipuuza dosari hiyo. Wakasoma vinasaba, na Novemba 26 kikaitwa Omicron.

Kwa mafua, mpangilio ni wa ngazi. Kwanza: ni mafua A? Kama ndiyo: ni H1, H3, au H5? Likija jibu "mafua A, aina haijulikani" wakati kirusi ni kingi, hilo ni jambo la kumwamsha mkuu wa maabara usiku. Aprili 2009 watoto wawili huko California walipata jibu la namna hiyohiyo, na ndivyo H1N1 ya mwaka ule ilivyojulikana kabla haijaizunguka dunia.

Jibu la "hana" kwa mzee wetu, kutoka kwenye kijiti cha pua peke yake, halimtoi kwenye chumba cha kutengwa. Rudia kwa sampuli ya mapafuni. Dalili, safari na eksirei vikisema jambo moja na maabara ikasema jingine, kwanza shaka sampuli.

Vipimo vya haraka vya antijeni, vinavyotafuta protini za kirusi, vinahitaji hesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani lilikubali vya korona vinavyogundua angalau wagonjwa 80 kati ya 100, na kuwaambia ukweli wazima 97 kati ya 100. Inapendeza kusikia. Sasa vitumie kwa watu 1,000 ambao 10 tu wana maambukizi. Utawapata 8 kati ya hao 10, utawaacha 2 waende zao, na kati ya wazima 990 utawaambia watu 30 hivi kwamba wanaumwa. Watu 38 wana jibu la "anao", na 8 tu ndio wa kweli. Kipimo kilekile katikati ya mlipuko, ambako nusu ya wanaopimwa wanaumwa, ni chombo kizuri sana. Kwa kirusi kipya kabisa, hata hivyo, kipimo cha haraka huwa bado hakijatengenezwa.

Na pale sampuli zinapozidi uwezo, zinaweza kuunganishwa. Rwanda mwaka 2020, Wilfred Ndifon wa AIMS, taasisi ya hisabati iliyoko Kigali, Léon Mutesa na wenzao walibuni njia ya kihesabu ya kuchanganya sampuli za watu wengi na kumpata mwenye maambukizi kwa vipimo vichache. Inafaa maambukizi yakiwa machache. Yakienea, kila mchanganyiko unawaka na hujaokoa kitu. Wale madereva wa malori waliolala siku kadhaa mipakani Malaba, Busia na Namanga mwaka huo wakisubiri vyeti wanajua bei ya jibu linalochelewa.

Kama kila kipimo kinakataa

Mzee ana nimonia, MERS hakuna, mafua hakuna, korona hakuna, bakteria hawajaota, na sasa muuguzi wake anakohoa. Hapo swali hubadilika kutoka "ni hiki?" kuwa "ni nini?" Ngazi ya kwanza ni PCR pana, zenye praima zinazoshika ukoo mzima, kama virusi vyote vya korona. Ya pili ni kusoma vinasaba vyote vilivyomo kwenye sampuli bila kuchagua, kisha kompyuta itafute kinachofanana na kinachojulikana. Mashine ndogo za kusomea zinazotosha mkononi zimetumika Kilifi kwa watafiti wa KEMRI-Wellcome, na INRB ya Kinshasa ina uzoefu wa miaka. Sampuli inayofaa ni ya mapafuni, ya mapema, iliyotunzwa baridi. Ndiyo maana nilihangaika na hatua ya tatu kuliko zote.

Mpangilio wa vinasaba ukishajulikana, mambo huenda mbio. Ule wa korona uliwekwa hadharani Januari 11, 2020, na ndani ya siku chache kundi la Christian Drosten wa Charité, Berlin, lilikuwa limeandaa maelekezo ya PCR ambayo Shirika la Afya Duniani liliyasambaza, hata kabla hawajapata sampuli ya mgonjwa mikononi mwao.

Ile damu uliyochukua sasa ina kazi. Kingamwili huchukua wiki kujitokeza, kwa hiyo damu moja haisemi mengi. Chukua ya kwanza ndani ya wiki ya kwanza, ya pili baada ya wiki tatu au nne, zipimwe pamoja. Kingamwili zikipanda kati ya hizo mbili, umejua kilichompata hata kama kirusi chenyewe kimeshatoweka.

Usitupe kilichobaki

Mpelekee daktari jibu kwa simu kwanza, kisha kwa maandishi, naye amweleze mzee na familia yake, kwa jina la ugonjwa na kwa hatua zinazofuata. Wasisikie kutoka kwa mlinzi wa getini.

Kisha rudi kwenye benchi. Kabla hujagandisha, igawe sampuli iliyobaki katika vichupa vidogo viwili au vitatu, ili siku ikihitajika uyeyushe kimoja tu. Watafiti walipotaka kujua MERS imekuwako kwa ngamia wa Kenya tangu lini, walifungua seramu, maji ya damu, za ngamia zilizohifadhiwa tangu mwaka 1992, miaka 20 kabla kirusi hicho hakijapewa jina, wakakuta kingamwili zake humo. Aliyeziweka hakujua zitaulizwa nini, lakini aliziandika vizuri, na lebo zilisomeka. Kwa hiyo tumia kalamu inayostahimili baridi kali, andika namba ya sampuli na tarehe kwenye kila kichupa, na kwenye daftari andika friza, rafu, kisanduku na tundu ilipokaa.